Nambari Yenye Moja Kumi na Moja

Wenzangu wa idara ya hesabu waliponiaga walinipa saa ya ukutani. Sijaelewa mtu aliyestaafu anapewa saa ya nini, lakini inatembea vizuri na nimeitundika sebuleni. Waliniomba pia niwaandikie machache kuhusu kazi hii, wao ambao bado wana miaka mingi ya kula vumbi la chaki. Habari za vyeo nitaziruka. Vyeo vilikuja vikiwa vimechelewa, na mshahara wa mwalimu mnaujua, hauna hadithi. Nitaandika kuhusu mwanzo, kwa sababu karibu yote niliyoyajua kuhusu kufundisha hesabu niliyapata katika miaka ile ya kwanza, na niliyapata kwa mtu mmoja.

Nilianza katika miaka ya sabini, kwenye shule ya harambee kando ya barabara ya kutoka Amukura kwenda Malaba. Madarasa mawili yalikuwa na mabati, la tatu lilikuwa na mabati nusu. Nilitoka kwetu Bukhayo na sanduku la bati na godoro, na mkuu wa shule, kabla hajanionyesha pa kulala, akaniuliza kama naweza kufundisha kilimo pia. Nikasema naweza. Siku hizo ukiulizwa kama unaweza, unaweza.

Darasa langu la kwanza lilikuwa la kidato cha pili. Wanafunzi watatu walikuwa na ndevu kunishinda, na mmoja alikuwa na mke. Ubao ulikuwa umepakwa masizi ya betri kuukuu, na chaki ilipouparura ilitoa sauti ya kukatisha mtu hamu ya kula. Nilifundisha kipindi kizima nikiwa nimeupa ubao uso na darasa mgongo. Kengele ilipolia nikageuka, nikaona mwanamume mrefu mwembamba amesimama mlangoni, suruali yake imefupika kwa miguu yake kama ya kuazima. Na kweli ilikuwa ya kuazima.

"Umefundisha ubao vizuri," akaniambia kwa Kiingereza. "Kesho fundisha watoto."

Huyo ndiye Mwalimu Opolot. Alikuwa Mteso wa upande wa pili wa mpaka, kutoka Tororo, na alikuwa amefundisha hesabu kwa miaka mingi katika shule nzuri huko kwao kabla ya wanajeshi kushika kila kitu. Alisema jambo fulani mbele ya darasa ambalo halikutakiwa kusemwa, mtu akalipeleka kambini, na Opolot akaonywa na rafiki akiwa bado anakula chakula cha mchana. Alivuka mto Malaba siku hiyo hiyo akiwa na nguo alizovaa. Vyeti vyake vilibaki. Mkuu wetu wa shule alimwajiri bila vyeti, baada ya kumsikiliza akifundisha kipindi kimoja, na hilo ni jambo ambalo nimemheshimu kwalo mkuu yule hadi leo, ingawa kwenye mambo ya chai ya walimu alikuwa bahili.

Kiswahili Opolot hakukipenda. Kwao ilikuwa lugha ya kambini, lugha ya mtu anayekuambia shuka, lala chini, toa kitambulisho. Alishangaa kukuta kwetu watu wanakitumia kuuziana maharagwe na kusalimiana. Tukakubaliana: mimi nitamfundisha Kiswahili cha watu, yeye atanifundisha hesabu. Nadhani nilipata faida kubwa zaidi, maana yeye hadi mwisho alisema "kitu yangu" bila aibu.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Tulikuwa na bikari moja ya mbao ya ubaoni, ambayo ilikuwa imepoteza kishikio cha chaki, kwa hiyo chaki tuliifunga kwa mpira wa baiskeli. Vitabu vya logarithimu wanafunzi walishiriki wanne kwa kimoja. Opolot alinifundisha kuvunja chaki katikati ili isipige kelele, kuandika nikiwa nimesimama ubavu ili niwaone watoto, na kutomwambia mwanafunzi "umekosea" kabla sijajua amekosea wapi. Haya fanyeni, hayahitaji bajeti.

Jambo moja lilikuwa lake peke yake. Kwenye pembe ya juu ya ubao, katika kila darasa alilofundisha, aliandika moja kumi na moja zikifuatana: 11111111111. Hakuruhusu mtu azifute. Watoto walidhani ni alama ya shule yake ya zamani. Mimi nilidhani ni namna ya kujaribu chaki. Siku moja nikamuuliza, tukiwa tunasahihisha madaftari, naye akaweka kalamu chini.

"Hiyo nambari ni ya mke wangu," akasema.

Mke wake aliitwa Amuge, naye pia alikuwa mwalimu wa hesabu. Opolot alipokimbia, mtoto wao mdogo alikuwa na surua, hawezi kubebwa mtoni, kwa hiyo Amuge alibaki Tororo na watoto wawili. Wawili hawa walikuwa na mchezo wao tangu chuoni. Wengine hucheza karata, wao walivunjavunja nambari zilizoandikwa kwa moja tupu. Kuvunja maana yake ni kutafuta vigawo, nambari ndogo zinazoigawanya ile kubwa bila kubakisha kitu. Moja tatu, yaani mia na kumi na moja, ni tatu mara thelathini na saba. Moja nne ni kumi na moja mara mia na moja. Walipanda hivyo, moja baada ya moja, wakiandika nyuma ya karatasi za mitihani ya zamani.

Opolot alinieleza kwa nini nyingine ni rahisi na nyingine ni jeuri. Moja kumi unaweza kuzikata makundi mawili ya tano tano, kwa hiyo moja tano lazima igawanye moja kumi. Moja tisa unazikata tatu tatu tatu. Lakini moja kumi na moja huwezi kuzikata makundi yaliyo sawa, kwa sababu kumi na moja yenyewe haikatiki. Hapo huna mlango, unapapasa ukuta. Unajaribu nambari tasa, zile zisizogawanyika kwa chochote ila moja na zenyewe: saba inakataa, kumi na tatu inakataa, kumi na saba inakataa, na unaendelea hivyo hadi maelfu. Siku ya kukimbia walikuwa wamepita elfu tisa, na bado ukuta.

Wakiwa mlangoni, Amuge ndiye aliyesema. Karatasi haitavuka, kwa sababu askari walimpekua kila mtu, na karatasi yenye tarakimu kwao ilikuwa siri ya kijasusi. Salamu za mdomo mtu yeyote anaweza kuzitunga. "Nitaendelea na ile nambari yetu," akamwambia mumewe. "Siku nikiwa tayari kuja, nitakutumia kigawo chake. Usipopata kigawo, ujue si mimi ninayekuita."

Nikamwuliza Opolot kwa nini haitafuti hiyo nambari ya kigawo mwenyewe hapa, ana ubao, ana chaki, ana jioni nzima.

"Nikiijua, nitaisema," akajibu. "Nitaisema nikiota, nitaisema nikilewa. Mtu ataisikia, kisha ataniletea mimi mwenyewe kama ya Amuge. Ufunguo awe nao yeye. Mimi nibaki na kufuli."

Vijana wa idara, hilo ndilo jambo ninalotaka mlielewe kuhusu nambari kubwa, na vitabu vyetu havikulisema. Kuitafutia kigawo ni kazi ya miezi. Kukikagua kigawo ulicholetewa ni kazi ya dakika chache: unagawanya mara moja, unaangalia baki. Asiyeijua nambari hawezi kubahatisha, na anayeijua hawezi kudanganywa.

Na kudanganywa kulikuwako. Mwalimu mwingine aliyekimbia kama Opolot, akafundisha shule ya jirani, aliletewa habari kwamba mama yake ni mahututi. Akavuka asubuhi. Viatu vyake vya kufundishia vilibaki chini ya kitanda hadi mwenye nyumba alipochoka kuvitazama akampa mtu. Opolot alikuwa akipita njia ndefu ya nyuma ya kanisa ili asiione nyumba ile.

Ukapita mwaka na zaidi. Kisha mwanamke mmoja muuza nyanya, Mama Amoding, akaja shuleni wakati wa mapumziko na beseni kichwani. Mama Amoding tulimjua. Alinunua na kuuza pande zote mbili za mpaka, leo soko la Malaba, kesho soko la Tororo, na askari wa pande zote walimwita mama kwa sababu wote walikuwa wamekula nyanya zake bila kulipa.

"Namtafuta mwalimu Opolot," akasema. "Iko neno yake kutoka kwa bibi yake."

Tukasimama naye kando ya tangi la maji. Neno lenyewe lilikuwa hili: askari wamerudi kuuliza habari za Amuge. Siku ya soko inayofuata atakuwa Tororo sokoni na watoto. Hatakubali kuondoka na mtu yeyote, maana watu wanauzwa. Anataka Opolot aje mwenyewe amchukue. Asipomwona siku hiyo, atawapeleka watoto Soroti kwa baba yake, njia nzima ikiwa na vizuizi vya askari.

Opolot alikuwa amekauka kama mti. "Alikupa nambari?"

"Alinipa. Tisa, nne, sita, moja, mbili."

Hakuhitaji ubao. Nilimwona akiipanga kichwani, elfu tisini na nne mia sita na kumi na mbili, kisha nikaona uso wake ukizimika. Hata mimi nilishaona. Nambari ile inaishia na mbili, ni shufwa. Nambari ya moja kumi na moja inaishia na moja, ni witiri. Shufwa haigawanyi witiri, hata siku moja, hata kwa bunduki.

"Asante, mama," akasema kwa upole. "Mwambie aliyekutuma kwamba Opolot hayuko."

Alipoondoka tuliketi kwenye ngazi. Nilimwambia huenda Amuge alikosea hesabu. Akatikisa kichwa. "Amuge hawezi kunitumia shufwa. Mtoto wa darasa la nne hawezi." Kisha akasema kile nilichokuwa nikiogopa: kama mtu amejua kwamba inatakiwa nambari, lakini hajui ni nambari gani, basi amemlazimisha Amuge kusema nusu ya siri, naye akaizuia nusu nyingine. "Wako naye," akasema. Akainuka akaenda kufundisha jiometri, na akaifundisha vizuri, jambo lililoniumiza zaidi kuliko kama angelia.

Wiki hiyo sikulala vizuri. Kilichokuwa kikinisumbua ni Mama Amoding mwenyewe. Nilijaribu kumwona kama mtu wa kumpeleka mwenzake kifoni, nikashindwa, na nilipojaribu kumwona kama mtu mwema nikashindwa vilevile. Siku ya soko la Malaba, ambayo ilitangulia ile ya Tororo kwa siku moja, nilikuwa na nafasi kabla ya chakula cha mchana. Nikaenda nikamkuta ameketi chini kwenye kigoda, gunia limetandikwa mbele yake, nyanya juu.

Nilimwuliza bila kuzunguka: nambari ile aliitoa wapi.

"Nimeitoa kwa huyo mama! Mwalimu, wewe unaniita mimi mwongo?"

"Sikuiti mwongo. Nambari imekataa."

"Imekataa aje? Mimi sikusoma, lakini macho niko nayo." Alikuwa amekasirika kwelikweli, na wauzaji wa karibu walianza kugeuza shingo. "Huyo mama alikuja kwangu kama customer. Akasema, mama Amoding, mimi nataka unishikie kitu kwa kichwa. Akaanza kupanga nyanya yangu hapa juu ya gunia, mafungu. Nikamwambia, nnyabo, mama yangu, sasa hii fungu ya nyanya moja nani atanunua? Akasema usijali, angalia tu, usisahau. Nikaangalia. Mimi mafungu sisahau, hiyo ndiyo kazi yangu. Ngoja nikuonyeshe."

Akasukuma bidhaa yake kando na kupanga. Aliweka nyanya tisa upande wa mkono wake wa kushoto. Akafuatisha nne, kisha sita, kisha moja peke yake, na mwisho, kwenye mkono wake wa kulia, mbili. Kisha akanitazama kama mtu aliyemaliza ushahidi mahakamani. "Haya. Tisa, nne, sita, moja, mbili. Mimi niko hapa, yeye alisimama hapo penye umesimama."

Mimi nilikuwa nimesimama pale mnunuzi anaposimama, mbele ya gunia, nikimtazama muuzaji. Na kutoka pale niliposimama, fungu la kwanza kushoto kwangu lilikuwa la nyanya mbili. Lililofuata lilikuwa la moja. Kisha sita. Kisha nne. Kisha tisa.

Nilimwuliza mara mbili kama Amuge alisimama upande huu alipokuwa akipanga. Akasema angesimama wapi tena, kwani mnunuzi huja kukaa kwa kigoda cha mwenye mali? Sisi walimu wawili, na digrii ya Opolot juu yake, hatukuwahi kuuza nyanya, na Amuge naye hakuwahi. Hakuna aliyefikiri kwamba muuzaji na mnunuzi wanaotazamana huyaona mafungu yale yale kinyume.

Sikumbuki kama nilimuaga. Najua nilifika shuleni nikihema, na Opolot alikuwa katikati ya kipindi na kidato cha pili. Niliingia bila kubisha, jambo ambalo mwalimu hafanyi.

"Mwalimu," nikasema, "igeuze. Aliipanga kutoka upande wa mnunuzi."

Alinitazama kwa muda mfupi sana. Kisha akafuta milinganyo yote iliyokuwa ubaoni, darasa likanung'unika kwa sababu walikuwa hawajanakili, naye akaandika katikati: moja kumi na moja. Kushoto kwake akaandika 21649. Nilimwona akiangalia ile tisa ya mwisho. Witiri. Angalau mlangoni haikufukuzwa.

"Tunagawanya," akaliambia darasa. "Tunagawanya pamoja. Mtu asinyamaze."

Hawakujua ni nini. Kwao ilikuwa mgawanyo mrefu, adhabu labda. Moja sita za kwanza, laki na elfu kumi na moja mia na kumi na moja, ndani yake mara ngapi? "Tano!" wakaitika. Akatoa, ikabaki elfu mbili mia nane sitini na sita. Akashusha moja. Mara moja. Ikabaki elfu saba na kumi na mbili. Akashusha moja. Mara tatu. Kila hatua ilikuwa na baki, na kila baki ilikuwa mbaya, haina dalili yoyote. Hiyo ni tabia ya mgawanyo mrefu, haukuambii kitu mpaka mwisho. Mara mbili. Mara tatu. Mkono wake ulikuwa umetulia, lakini jasho lilikuwa limechora ramani mgongoni mwa shati lake.

Ikabaki moja ya mwisho ya kushusha. Akaishusha. Ubaoni ikasomeka 194841.

Akasimama. Alikuwa ameshajua inatakiwa nini, kama mimi. Tukitaka sifuri, tisa mara 21649 lazima iwe hiyo hiyo, bila kupungua wala kuzidi hata moja.

"Tisa mara tisa," akasema.

"Themanini na moja!"

Akaandika moja, akabeba nane. Tisa mara nne, thelathini na sita, na nane, arobaini na nne. Tisa mara sita. Tisa mara moja. Tisa mara mbili. Tarakimu zilikuwa zikijipanga chini ya zile za juu moja moja, na mstari wa mbele ukaanza kuona, na minong'ono ikapanda.

"Remainder?" akauliza.

"Zero, sir!" Darasa zima, kwa kelele, wakifurahi kwamba imekwisha.

Opolot aliweka chaki kwenye kiweko chake, taratibu, akatoka nje. Nilimwona kupitia dirishani akienda nyuma ya tangi la maji, akiwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Mimi nilimalizia kipindi chake cha milinganyo, na nadhani nilikifundisha vibaya sana.

Mchana huo tulishuka sokoni wote wawili. Opolot alikuwa tayari kuvuka. Alisema ameitwa, anakwenda, na mimi sikuwa na neno la kumzuia. Mama Amoding ndiye aliyelipata.

"Wewe mzee usivuke," akamwambia. "Uso yako wanaijua. Watakushika pale tu kwa daraja, na bibi yako atakuwa anaona. Mimi pia wananijua, lakini mimi wananijua na nyanya."

"Alisema hataondoka na mtu."

"Eh, si alikutumia nambari ndio ujue ni yeye? Basi na wewe mtumie yako, ajue nimekufikia. Ama wewe hauna?"

Opolot alimtazama, kisha akaanza kucheka, mara ya kwanza nimsikie akicheka tangu nimjue. Alikuwa nayo. Ukigawanya nambari kubwa kwa kigawo, jibu unalopata ni kigawo kingine, na Amuge, aliyeufanya mgawanyo huo kabla yetu, alikuwa nalo jibu lile tayari: laki tano elfu kumi na tatu mia mbili thelathini na tisa. Hakuna mtu mwingine duniani ambaye angemrudishia hilo ila yule aliyeipata nambari yake na kujua inagawanya nini.

"Nipange nikiwa upande gani?" akauliza, nyanya mkononi.

"Panga hapo hapo mbele. Bibi yako si atasimama hapo?"

Akapanga: tano, moja, tatu, mbili, tatu, tisa. Mama Amoding aliyatazama mafungu kwa muda, midomo ikichezacheza, kisha akayavuruga kwa mkono mmoja na kumuuzia mtu wa nyuma yetu.

Siku ya soko la Tororo sikufundisha kitu cha maana. Nilifurahi kwamba nilikuwa na kipindi cha kilimo, nikawapeleka wanafunzi shambani kulima. Opolot alifundisha vipindi vyake vyote kwa ukali usio wake. Jua lilipoanza kulegea tuliona wanawake wa soko wakirudi kwa barabara ya Malaba, mmoja nyuma ya mwingine, mabeseni vichwani, wakisema kwa sauti kama kawaida yao. Mama Amoding alikuwa katikati, na mtoto wa kike amemshika sketi. Nyuma yake alitembea mwanamke mfupi aliyefunga kitambaa kama wenzake, mtoto mgongoni, kapu la mihogo kichwani, akitembea vibaya kidogo kama mtu asiyezoea kubeba kichwani.

Opolot alikuwa akivuka uwanja wa mpira. Hakukimbia. Alitembea hadi akamfikia, akaitua ile mihogo kutoka kichwani pake, akaiweka chini kwa uangalifu kana kwamba ni mayai, na ndipo akamshika. Mimi nilifurahi hadi nikaona aibu, nikageuka kuwafokea wanafunzi walioacha majembe.

Walikaa kwetu miaka kadhaa, hadi mambo ya kwao yalipobadilika wakarudi. Amuge alifundisha kidato cha kwanza, na kwa kweli alikuwa mwalimu bora kuliko sisi wawili. Lakini nitamalizia na Jumapili moja, wiki chache baada ya yeye kufika. Walikuwa wamekuja kwangu kula kuku. Opolot alikuwa na karatasi, kama kawaida, na furaha ya mtu aliyegundua kitu. Alikuwa ameviweka vile vigawo viwili kando kwa kando, akaona kwamba ukigawanya kila kimoja kwa ishirini na mbili kinabakisha moja. Akarudi kwa nambari ya moja saba, ambayo waliivunja zamani, akaona vigawo vyake vyote viwili vinabakisha moja ukigawanya kwa kumi na nne. Kumi na nne ni saba mara mbili, ishirini na mbili ni kumi na moja mara mbili. Ilikuwa ni sheria, na alikuwa na sababu yake ameiandika chini. Maana yake, Amuge hakuhitaji kujaribu nambari tasa zote. Angejaribu zile tu zinazobakisha moja, na nyingine zote angeziacha. Kazi ingekuwa kama sehemu moja ya kumi.

"Laiti ningeiona mapema," Opolot akasema, na furaha ikamtoka alipokuwa akiisema. "Ningepata namna ya kukuambia. Ningekupunguzia kazi yote ile."

Amuge alikuwa akimtolea mtoto mifupa kwenye nyama. Hakuinua macho.

"Walikuwa wanakuja usiku," akasema. "Si kila usiku. Wanazunguka nyumba, wanamulika dirisha, wanacheka, wanaenda. Watoto wakilala, mimi nagawanya. Nambari ikikataa, nashukuru, kwa sababu iko nyingine ya kujaribu, na hadi niimalize hiyo sisikilizi viatu vyao. Siku ile baki ilipotoka sifuri nililia, Opolot. Sikuwa nimefurahi. Nilijiuliza kesho usiku nitafanya nini." Akampa mtoto nyama. "Ungenipunguzia hesabu, sawa. Usiku ungenipunguzia nani?"

Opolot akaikunja karatasi yake mara mbili, mara nne, akaitia mfukoni, na akamwambia kwa sauti ya chini kwamba basi, hizi nambari waziache, asizione tena.

"Tuziache kwa nini?" Amuge akasema, akanyoosha mkono aliofuta kwa kitambaa, akiiomba ile karatasi. "Mimi sasa nataka kuzigawanya mchana."